Kusitiri na kuficha ni kitu kimoja? Naomba mnieleweshe, nimemkosea mama mkwe

Binti_Igoma

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa neno moja tu lakini kwangu sio dogo, kwa hiyo mtanivumilia maelezo yatakuwa marefu kidogo.

Mi ni Msukuma, nimezaliwa na kukulia Mwanza, nimeolewa Tanga huu mwaka wa nne. Kiswahili nakijua kama mnavyokijua nyie, nimekisoma, nafanyia kazi, hata ndoto naota kwa Kiswahili. Ila kuna neno huku wanalitumia kwa namna ambayo nimekuja kugundua sikuwa nalielewa. Neno KUSITIRI.

Mama mkwe wangu alipata kiharusi mwezi wa pili. Upande wa kulia hauna nguvu, anaongea lakini taratibu, na mkojo unamtoka kabla hajawahi chooni. Sasa huyu ni mtu mzima ambaye maisha yake yote amekuwa msafi kupita kiasi, mwanamke wa kujifukiza udi jioni, kanga zake zimenyooshwa zimekunjwa doti kwa doti kwenye sanduku. Tulipotoka hospitali tukamleta kwetu. Usiku wa kwanza nimemaliza kumbadilisha kanga iliyolowa, akanishika mkono kwa huu wa kushoto akaniambia "Mkaza mwanangu, nakuomba unisitiri. Sina jingine." Nikamwambia usijali mama, ntakusitiri.

Mi nilivyoelewa ni kwamba hataki kuonekana akiwa vile. Nikamhamishia chumba cha uani kule nyuma, nikaweka pazia zito, majirani wakija kumjulia hali nawapokea sebuleni nawapa chai nawaambia mama kapumzika. Kuna mmoja alikuja mara tatu na hakumwona hata mara moja. Wiki mbili nimefanya hivyo na nilikuwa najiona namtendea wema.

Juzi dada yake akaja kutoka Pangani, yeye hakukubali kuishia sebuleni, akaingia moja kwa moja. Mi niko jikoni nakuna nazi, jikoni na kile chumba wanatenganishwa na ukuta mmoja tu, nikasikia mama analia anasema "Nilimwomba anisitiri, kanificha. Kanificha kama sufuria iliyotoboka." Nilibaki nimekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, nazi nusu haijakunwa.

Mimi mwenyewe hajaniambia kitu, ananiitikia vizuri tu. Mume wangu yuko safari ya kikazi na kumuuliza kwa simu naona aibu. Nimefungua kamusi, inasema sitiri ni ficha. Sasa kama sitiri ni ficha mbona mama ameyatenganisha? Tofauti ni nini hasa, na nilitakiwa nifanye nini?

Kipanga_Kibaha

Pole dada. Hayo ni visawe tu, moja la Kiarabu moja la Kibantu, basi. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi analia hata kwa kitu kidogo, ni ugonjwa unafanya hivyo, mjomba wangu alikuwa analia hata akiletewa maji. Usijipe presha.

Mzee_wa_Ngamiani

Marahaba binti yangu. Kwanza nikutoe hofu, hukufanya kwa ubaya na mama yako nadhani analijua hilo ndio maana hajakusema mbele. Ila Kipanga hapo juu hapana. Hayo si maneno mamoja, na sisi wa huku mtu akiyachanganya tunashtuka.

Nikupeleke msibani maana ndiko neno hili linapokaa wazi kabisa. Miaka minne uko Tanga, lazima umesikia wanaume wakirudi makaburini wanasema "tushamsitiri mwenzetu". Je, amefichwa? Msiba umetangazwa msikitini, watu wamepanda magari kutoka Muheza na Korogwe, jeneza limepita barabarani mchana kweupe na waliokaa vibarazani wamesimama, kaburi kila mtu anajua liko wapi. Hakuna kilichofichwa hata kimoja. Kilichofanyika ni kwamba kule chumbani alikooshwa waliingia watu wachache wa karibu tu, mwili umefunikwa nguo kuanzia kitovuni mpaka magotini, mwosha anapitisha mkono chini ya ile nguo na mkono wenyewe ameuvika kitambaa, na akikuta kidonda, akikuta kovu, akikuta lolote lile, hatoki nalo mle ndani. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Halafu sanda, mwanamume vipande 3, mwanamke vipande 5. Na akiwa mwanamke, pale anapoteremshwa kaburini watu wanashika shuka juu ya kaburi kila pembe, mmekusanyika wanaume mia pale na wote mnachokiona ni shuka.

Huko ndiko kusitiri. Mtu yuko mbele ya umma mzima na heshima yake haijaguswa. Kuficha ungemzika usiku peke yako.

Asili yake ni Kiarabu, ni ukoo mmoja na sitara yaani pazia, na Mwenyezi Mungu katika dua tunamwita Ya Satar, bibi zetu likitokea la kushtua hilo ndilo linalowatoka mdomoni kwanza. Na iko hadithi ya Mtume, imo katika Sahihi Muslim, kwamba anayemsitiri Muislamu mwenziwe basi Mungu naye atamsitiri duniani na akhera. Hebu toa sitiri hapo uweke ficha uisome tena. Si dua tena hiyo.

Mama yako alikuomba dua binti yangu, weye ukampa chumba cha nyuma. Samahani kama nimesema kwa ukali, sina nia hiyo, ila nimeona nikueleze kama ningemweleza mwanangu.

Kijana_Makoroboi

Dada Igoma mi wa nyumbani kabisa na nakwambia hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Kwetu kubisa ni kubisa, kitu umekiondoa machoni pa watu umemaliza. Stara nilikuwa najua ni nguo ndefu, na lile bango la stendi "sehemu ya kujisitiri" nikijua ni jina la heshima la choo.

Ila nimemsoma mzee nimeanza kuhesabu maneno yote tunayotumia mtaani ya kuficha. Kusunda, hiyo kitu unaiingiza mfukoni au kiunoni fasta. Kuchimbia. Kuminya, hiyo ni ya habari au hela ya watu umeibana. Mtu mwenyewe akijificha tunasema kajichimbia, kaingia mitini. Wazee wanasema kufutika kibindoni, na magazeti ya michezo kila siku timu imetia kibindoni pointi tatu. Yote hayo ni ya vitu au ya mtu anayekimbia deni. Hakuna hata moja ambalo naweza kulitumia kwa mama yangu mgonjwa. Kumbe sitiri lilikuwa linafanya kazi ambayo mengine yote hayaiwezi na sikuwahi kuliona.

Mwl_Kihonda

Nafundisha Kiswahili sekondari, naomba niongeze upande wa lugha maana hapa kuna kitu kizuri sana na ninatamani wanafunzi wangu wangeuona huu uzi.

Angalieni sentensi hizi mbili. "Amenificha pesa." "Amenisitiri." Katika ya kwanza kilichofichwa ni pesa, na mimi niliyetajwa ndani ya kitenzi, huyo NI, ndiye ninayezuiwa nisione. Yaani ficha ina nafasi ya mtu wa kukwepwa. Nimemficha mume wangu pesa, amemficha daktari ukweli, umenificha habari. Kila mara kuna mtu ambaye amegeuzwa kuwa wa nje. Sasa jaribuni kusema "amenisitiri pesa". Haiendi, ulimi wenyewe unakataa. Sitiri haina hiyo nafasi ya mtu wa kukwepwa, ina nafasi moja tu na aliyekaa pale ni yule anayefunikwa. Ukitaka kutaja kitu unasema "amenisitiria aibu yangu", na hata hapo bado ni kwa ajili yangu, si dhidi yangu.

Pili, kinyume. Ficha kinyume chake ni fichua, kama funga na fungua, ziba na zibua, fukia na fukua. Kiswahili kimetia kile kiishio cha kutengua kazi ikaisha. Sitiri haina "sitirua", hakuna mtu anayesema hivyo. Kinyume cha kusitiri tunakwenda kukitafuta kwenye neno lingine kabisa, kuumbua, kuaibisha, kufedhehesha, kumvua mtu nguo. Kwa hiyo lugha yenyewe inakuambia, ukitengua ficha kinatokea KITU, ukitengua sitiri anaumia MTU. Na methali inayosema mficha maradhi kifo humuumbua imeyakutanisha, aliyeficha ndiye anayeumbuliwa. Aliyesitiriwa haumbuliwi.

Kijana Makoroboi umegusa kubisa, na hilo ni ndugu wa damu wa ficha. Ni mzizi mmoja wa Kibantu wa zamani sana, sauti tu zimegeuka kila lugha kwa njia yake. Wasukuma na Wachewa wanasema bisa, Wakikuyu hitha, Wanyarwanda guhisha, Wazulu fihla. Ni neno la shambani na porini, la kuficha chakula, kuficha mifugo wasiichukue, kujificha adui asikuone. Halina dhambi yoyote. Ila pwani walipopata na lile la pili hawakulitupa la kwanza, wakayagawia kazi, na ndio maana mtu wa pwani anasikia mlango mkubwa kati ya maneno ambayo kamusi inayaweka mstari mmoja. Kamusi haikukosea, imefupisha.

Mwana_wa_Langoni

Salamu kutoka Lamu. Nimependa mlivyoeleza, nami nataka niongeze nyumba, maana sisi stara tumeijenga kwa mawe.

Ukija mji wa kale hapa Amu, nyumba za zamani za matumbawe na chokaa, mlangoni kwanza kuna daka, ni kama kibaraza chenye viti vya kujengewa pande mbili, mgeni anakaa hapo anazungumza na mwenye nyumba, anapewa kahawa yake, mlango umefunguliwa. Ukivuka mlango hauingii moja kwa moja, unaingia tekani yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, halafu njia inapinda, ndipo unafika kiwanda yaani ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kwa ile kona tu, mtu aliye njiani anaweza kutazama ndani mchana kutwa na asimwone mama aliyekaa anasuka mkeka. Na vyumba vinakwenda kwa ngazi, kila ukiingia ndani kidogo pamepanda kidogo na ni pa faragha zaidi, mpaka ndani kabisa ambako ndiko mtoto anakozaliwa na maiti anakooshwa.

Nyumba ile haijajificha. Iko katikati ya mji, ukuta umegusana na wa jirani, mlango umenakshiwa ili uonekane. Lakini waliomo wamesitirika. Mtu akitaka kuficha anaziba mlango, fundi wetu yeye alipindisha njia.

Binti, labda mama yako hataki mlango uzibwe. Anataka njia ipindishwe kidogo tu.

Sista_wa_Zamu

Mi ni muuguzi, wodi ya wanawake, miaka mingi sasa. Umeuliza ulitakiwa ufanye nini, wenzangu wamekujibu neno na mi ntakujibu mkono. Sisi wodini kumsitiri mgonjwa ni kazi yenye hatua zake, sio hisia.

Kumuogesha: maji ya vuguvugu beseni mbili, taulo ndogo mbili, shuka kubwa kavu. Shuka inamfunika mwili mzima muda wote. Unatoa mkono mmoja nje ya shuka, unausafisha, unaukausha, unaurudisha, ndio unatoa mwingine. Uso kwanza, sehemu za siri mwisho na maji umebadilisha. Kwa dakika zote hizo mwili wake mzima usiwe wazi hata mara moja, hata kama mko wawili tu chumbani na mlango umefungwa. Na unamwambia kabla hujamgusa, mama sasa naanza mkono wa kulia, mama sasa mgongo.

Kisha hili ndilo muhimu kuliko yote niliyoandika. Mkono wa kushoto si unafanya kazi? Basi ukifika sehemu za siri mpe taulo iliyokamuliwa mkononi mwake, ajioshe mwenyewe, we geuka tazama dirishani. Hata akijiosha nusu. Utamalizia baadae ukimwuliza ruhusa.

Kumvalisha unaanza na mkono dhaifu kuingia kwenye nguo, kumvua unaanza na mkono wenye nguvu, hutamuumiza na hamtavutana. Mkojo usisubiri umtoke, mpeleke chooni kila baada ya saa mbili hata kama hajasema, asubuhi akiamka, baada ya kula na kabla ya kulala, wengi wanapata nafuu kubwa kwa ratiba hiyo tu. Kuna pampasi za watu wazima duka la dawa, juu ya pampasi anavaa kanga zake kama kawaida hakuna anayejua. Akiwa kitandani mgeuze kila saa mbili asipate vidonda vya kulala. Na chumba cha nyuma chenye pazia zito, kwa heri yako, mtoe. Mgonjwa wa kiharusi anahitaji sauti za watu, anahitaji mtu amwite jina, asipoongeleshwa hata maneno aliyobaki nayo yanapungua.

Mama_wa_Wawili

Nimesoma kila komenti na nimenyamaza kwa muda nikifikiria kama niandike au niache. Naandika.

Hili neno mnalisifia na mi sina ugomvi na dada Igoma wala na mama yake. Lakini mi nimeolewa pwani hiyo hiyo na neno stara ndilo lililonifunga mdomo miaka sita. Mume wangu alikuwa ananipiga. Mara ya kwanza nilikwenda kwa wakubwa wa familia nikiwa nimevimba jicho, wakanikalisha, wakanipa maji, wakaniambia "Mwanetu, mume nguo, msitiri mumeo naye atakusitiri." Nikavaa mtandio mkubwa nikarudi nyumbani. Mara ya pili nikaambiwa hivyo hivyo. Mara ya tatu sikwenda tena kwa mtu, nilishajua jibu. Majirani walikuwa wanasikia kupitia ukuta na asubuhi wananisalimia kama hakuna kitu, wote tunasitiriana. Siku nilipokwenda dawati la jinsia polisi niliambiwa nimeivua familia nguo.

Kwa hiyo Mzee wa Ngamiani naomba unijibu kwa heshima zote, ile ilikuwa kusitiri au kuficha? Maana waliotumia neno walikuwa wazee wa pwani kama wewe, sio Wasukuma.

Mzee_wa_Ngamiani

Binti yangu, pole. Pole sana. Nimekaa na swali lako tangu adhuhuri.

Ilikuwa kuficha. Na ilikuwa mbaya kuliko kuficha kwa kawaida kwa sababu walichukua neno la dua wakalifunikia dhuluma. Waswahili tunalo jina la jambo lile, funika kombe mwanaharamu apite, na waliokwambia wanalijua, ila lile wasingeweza kulisema mbele yako ukiwa na jicho limevimba, wakachukua lililo zuri zaidi.

Mwalimu hapo juu amesema sitiri ina nafasi moja, anayefunikwa. Basi tujiulize siku ile alistahili kufunikwa nani. Aliyekuwa na aibu si weye. Aliyevuliwa heshima yake, aliyeingia akiwa amejeruhiwa, ni weye, na stara ilikuwa haki yako, upewe chumba, upewe ulinzi, mume aitwe ajibu. Wakampa stara aliyekuwa na fimbo. Mwosha anasitiri kovu la maiti kwa kuwa maiti hawezi kujitetea, ndiyo maana yake yote. Hasitiri muuaji. Akikuta alama za kunyongwa shingoni halafu akafunga mdomo, huyo si msiri, ni mshirika.

Na ulipokwenda polisi hukuivua familia nguo. Nguo hiyo ilikuwa ya kuazima, na nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walikwishasema bila kuona haya nami sioni haya kulirudia. Nitakwambia na jingine. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa katika vikao vya namna hiyo nikiwa kijana, nimekaa pembeni, nikasikia binti wa watu anaambiwa "msitiri mumeo", sikusema neno. Sura yake naikumbuka mpaka leo.

Mama_wa_Wawili

Asante baba. Sikutegemea. Mi na wanangu tuko salama sasa, nina kibanda changu cha kunisitiri na mvua, nacho nimekijenga mwenyewe. Neno nimelirudisha kwenye matumizi kama unavyoona.

Kipanga_Kibaha

Nafuta nilichosema juu kwamba ni visawe. Sista ile ya kuanza na mkono dhaifu nimeituma kwa dada yangu anayemuuguza mjomba, anasema alikuwa anamvalisha shati kwa kuvutana naye kila siku asubuhi.

Binti_Igoma

Wapendwa nimerudi. Sijui niwashukuruje, mmoja mmoja. Mama wa Wawili nimelia na wewe.

Nimefanya jana. Asubuhi nilikaa chini kwenye mkeka karibu na kitanda nikamwambia mama nimekukosea, uliniomba nikusitiri nami nikakuficha, sikulijua neno. Akanitazama muda mrefu. Akasema "Kwenu mnaliitaje?" Nikamwambia kwetu ni kubisa tu, hatulitenganishi, akalirudia, "kubisa", kwa ile sauti yake ya taratibu. Akatikisa kichwa akasema basi.

Nikachemsha maji nikafanya kama sista alivyoelekeza. Shuka juu, mkono mmoja, mkono wa pili. Nilipofika kule nikampa taulo mkono wa kushoto nikageuka dirishani, nikawa natazama kuku wa jirani, nasikia maji yanadondoka kwenye beseni. Imechukua kama dakika kumi. Sikuharakisha. Aliponiita nigeuke alikuwa amejifunika shuka mwenyewe, imepinda imeacha mguu nje, nikaivuta kidogo tu.

Nikamwambia achague kanga. Akachagua doti ya kahawia ambayo ilikuwa chini kabisa ya sanduku, nikatoa zote kuifikia. Moja kumfunga, moja kumtanda, chini yake pampasi. Mume wa jirani akanisaidia kumtoa mpaka kibarazani kwenye kiti cha mikono. Hazijapita hata dakika kumi na tano yule jirani aliyerudi mara tatu akapita, akasimama barabarani, akaweka chini ndoo yake ya maji. Walikaa mpaka jioni. Wengine wakaongezeka.

Kuna wakati nikamwona mama amekaza mkono wa kushoto kwenye kiti, ameacha kuongea, nikajua. Nikasimama nikasema mama saa ya dawa hii, na kweli dawa za saa kumi zipo, sikudanganya, nikamtandaza ile kanga ya juu vizuri nyuma nikamwinua tukaingia. Wenzake wakaendelea na mazungumzo yao. Ndani nimembadilisha hatukusema kitu tukarudi nje.

Jioni walipoondoka aliniita. Mama huwa anafunga hela kwenye pindo la kanga, miaka yote, na mi nilikuwa najiambia anatuficha hela zake. Akalifungua lile fundo kwa meno na mkono mmoja, sikumsaidia kwa sababu hakuniomba, likachukua muda. Akatoa elfu mbili imekunjwa mara nne akaniambia kanunue udi, nyumba ilikuwa na wageni leo na kesho watakuja tena.

Nimerudi dukani sasa hivi, naandika huku nasubiri makaa yashike kwenye chetezo.